Buti za ngozi kwa safari ya siku nyingi kwa mguu: namna ya kuzichagua



Katika jarida hili tumezoea kuongea juu ya mashamba, ng'ombe, mipaka ya vijiji na namna ya kukaa pamoja tena baada ya vita. Safari hii tunaongea juu ya viatu. Wengine watacheka. Lakini katika kazi ya upatanisho kwetu, gari linaishia pale barabara inapoishia, pikipiki inaendelea mbele kidogo, na sehemu iliyobaki ni miguu. Komite ya amani inayotoka Uvira kupanda Milima ya Juu, wazee wanaoshuka kutoka upande wa Minembwe kuongea na wakulima wa Fizi wakati ng'ombe wanapotafuta majani ya kiangazi, mama anayerudi Masisi kutazama kama shamba lake lipo bado: wote hao hutembea siku mbili, tatu, hata nne. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za kando ya Goma zilipoachwa tupu, maelfu ya watu walirudi makwao kwa mguu, na mizigo kichwani. Wengi walikuwa na kandambili tu.

Mjumbe anayefika kwenye mkutano akiwa na malengelenge na homa hana subira ya kusikiliza. Anataka mkutano uishe. Na kuna jambo kubwa kuliko hilo: kwetu, kiatu kinaweza kumfanya raia aonekane askari. Tutalifikia huko mbele, na tunaomba msiliruke.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Tukisema buti, tunamaanisha kiatu cha ngozi kinachopita juu ya kifundo cha mguu na kufungwa kwa kamba. Tukisema bote, ni zile za mpira ambazo kila mkulima anazijua.

Njia unayokwenda ndiyo inayochagua

Watu huuliza: buti gani ni nzuri? Sisi huwauliza: unakwenda wapi?

Kandokando ya Goma na kuelekea Sake njia inapita juu ya mawe ya volkeno. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, tena 2002, tena 2021, na mawe yake ni makali kama chupa iliyovunjika. Hapo adui wako si maji, ni mawe yanayokula soli. Unahitaji soli nene ya mpira mgumu, na ngozi inayofunika vidole vizuri. Bote ya mpira ikichanika kwenye mawe hayo huwezi kuitumainia tena kwenye maji, na kiraka chake hakidumu.

Milima ya Juu ya Kivu ya Kusini ni jambo jingine. Uvira iko ziwani, karibu mita 770 juu ya bahari, kuna joto. Unapanda siku nzima, na jioni uko juu ya mita 2,000, penye ukungu, majani yaliyolowa na usiku wa baridi kali. Huko ndiko buti ya ngozi isiyopitisha maji inapolipa bei yake. Inashika kifundo wakati wa kushuka, inakinga baridi, na umande wa asubuhi hauingii.

Katika misitu ya Walikale na Shabunda, ambako unavuka mito na kuingia kwenye tope hadi magotini, hakuna buti duniani itakayobaki kavu. Maji huingia kwa juu. Huko tunasema wazi: bote ya mpira yenye sosete nzuri, ama buti nyepesi ya ngozi inayokauka upesi. Anayekuambia kwamba buti ya bei kubwa itakutoa mkavu msituni, anataka kuuza.

Kuna pia wale wanaotembea kila siku kwenye udongo mwekundu wa milima ya zamani ya volkeno. Udongo wa aina hiyo, ukigusa miguu mitupu kwa miaka mingi, huwaletea baadhi ya watu ugonjwa wa miguu kuvimba ambao waganga huuita podokoniosi. Unajulikana sana Ethiopia, Uganda, Rwanda na Kamerun. Hauletwi na mbu wala uchawi, na hauambukizi. Kinga yake ni kiatu cho chote kinachofunika mguu mzima, pamoja na maji na sabuni jioni. Kwa hiyo asiyeweza kupata buti asidhani makala hii haimhusu.

Ngozi ya kweli na ngozi ya kudanganya

Wengi wetu tunanunua mtumba, na mtumba si vibaya. Ndani ya furushi moja hutoka buti ambayo huko Ulaya mwenyewe aliivaa mara tatu tu. Lakini ndani ya furushi hilohilo hutoka pia uchafu uliopakwa rangi. Jifunzeni kushika kwa mkono kabla ya kutazama kwa jicho.

Ngozi bora ni ile ambayo uso wake wa juu, pale nywele za ng'ombe zilipoota, haukusuguliwa wala kutolewa. Ina vitundu vidogo visivyolingana na mikwaruzo midogo ya maisha ya mnyama. Ikunje kwa kidole: inafanya mikunjo midogo mingi, halafu inarudi. Ngozi ya pili ni ile iliyopasuliwa kutoka chini ya ile ya kwanza. Ina manyoya laini, ama imepakwa rangi nzito ya plastiki ili ifanane na ya kwanza. Hiyo hunywa maji rangi ikipasuka. Ya tatu si ngozi, ni kitambaa chenye plastiki juu. Tazama pale ilipokatwa, kando ya matundu ya kamba au ndani ya mdomo wa kiatu: ngozi ya kweli inaonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana, ya bandia inaonyesha kitambaa upande mmoja na utando mwembamba upande wa pili. Pua nayo ni shahidi.

Hesabu vipande. Buti yenye vipande vingi vilivyoshonwa inapendeza macho, lakini kila mshono ni mstari wa matundu ya sindano, na kila tundu ni njia ya maji. Buti iliyokatwa katika kipande kimoja au viwili vikubwa ni bora zaidi, hata kama inaonekana ya kizee.

Halafu ulimi. Fungua kamba zote, vuta ulimi mbele. Je, umeshonwa pande zote mbili kwa ngozi laini inayojikunja, hadi karibu na juu? Kama ndiyo, maji yatasimama nje mpaka yafike urefu huo. Kama ulimi umeshikwa chini tu, na pembeni ni wazi, basi kiatu hicho kitaingiza maji kwenye kijito cha kwanza, hata kiwe cha ngozi nzuri namna gani. Wauzaji wachache husema juu ya ulimi, na wanunuzi wengi hawauulizi.

Soli inayovunjika kama mkate

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopoteza fedha nyingi.

Buti nyingi za kutembea za miaka hii zina tabaka tatu chini: mpira mgumu wenye meno unaogusa ardhi, juu yake tabaka laini linalopunguza mshindo, halafu ngozi. Lile tabaka la katikati mara nyingi hutengenezwa kwa kitu kiitwacho poliuretani. Ni chepesi, ni kizuri mguuni. Lakini kina kasoro moja: unyevu wa hewa hukivunja polepole kutoka ndani, hata kama buti imewekwa kabatini bila kuvaliwa. Baada ya miaka kama mitano hadi kumi hugeuka kuwa kama jibini kuukuu, au kama mkate mkavu. Na jambo la ajabu ni kwamba buti iliyolala bila kuvaliwa mara nyingi huoza upesi kuliko iliyotembea. Kwa hiyo ile jozi ya mtumba inayong'aa, yenye meno yote, ambayo muuzaji anakuapia kwamba haijavaliwa kamwe, ndiyo ya kuogopa. Utaondoka nayo asubuhi, na siku ya pili saa sita soli yote itabaki kwenye tope nyuma yako, katikati ya mlima, mbali na fundi.

Namna ya kuijua: shika buti kwa mikono miwili na kuikunja kwa nguvu mara kumi. Sikiliza kama inalia. Tazama lile tabaka la katikati kama lina nyufa ndogo. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: ikirudi, vizuri, ukucha ukiacha alama isiyorudi, au unga ukitoka, au ikinata kama gundi, iache. Tafuta pia karatasi ndogo iliyoshonwa ndani ya ulimi. Buti nyingine huandikwa hapo mwezi na mwaka zilipotengenezwa.

Sisi tunapenda zaidi buti ambayo soli yake imeshonwa kuzunguka kiatu kwa uzi mnene unaoonekana kwa nje, bila lile tabaka laini. Ni nzito, ni ngumu wiki mbili za kwanza. Lakini fundi wa sokoni anaweza kuikata soli ikiisha, akashona nyingine, hata ya tairi, na ngozi ikaendelea kutembea. Buti iliyogundishwa tu, ikiachia, inashikwa tena kwa gundi. Gundi ikipata jua na tope inaachia tena. Swali la kumuuliza fundi kabla ya kununua ni fupi: hii ikiharibika, utaweza? Fundi mwaminifu atakuambia kwa kutazama mara moja.

Meno ya soli yawe na kina, na yaachane, ili tope litoke. Soli ya mpira yenye meno makubwa kwa mlima ni wazo la Mwitalia Vitale Bramani, ambaye mwaka 1935 alipoteza wenzake sita katika milima ya Alpi, wakiwa na viatu visivyofaa. Mwaka 1937 alitoa soli yake ya mpira, na jina lake lilifupishwa kuwa Vibram. Ukilikuta jina hilo kwenye alama ndogo ya njano chini ya buti, ni dalili nzuri. Lakini alama pia huigwa. Meno na ukucha wako ndivyo vya kuaminiwa kwanza.

Juu ya utando usiopitisha maji

Buti nyingine ndani yake zina utando mwembamba. Ulio maarufu ni Gore-Tex, uliotokana na kazi ya Robert Gore huko Marekani mwaka 1969. Una vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupita, mvuke wa jasho unaweza. Ni kazi ya akili, hatukatai.

Lakini mvuke hutoka tu kama hewa ya nje ni kavu au baridi kuliko ndani ya kiatu. Kwenye ubaridi wa Milima ya Juu unafanya kazi. Kwenye joto la msitu, ambako hewa yenyewe ni kama maji, jasho hubaki ndani na mguu unalowa bila mvua. Tena, maji yakiingia kwa juu mara moja, utando uleule unaozuia maji kuingia utayazuia kutoka, na buti itachukua siku mbili kukauka, au zaidi. Na utando uliotoboka hauonekani wala haushoneki. Maoni yetu: kwa mtu wa kwetu anayenunua jozi moja ya miaka kadhaa, ngozi nzuri iliyopakwa nta inashinda utando.

Unaweza kuipima kabla ya safari. Weka karatasi kavu ndani ya buti, isimamishe kwenye beseni lenye maji yasiyofika juu ya ulimi, ikandamize kwa jiwe, ngoja nusu saa. Karatasi itasema.

Ukubwa wa mguu, na habari ya akina mama

Mguu huvimba kwa kutembea. Pima buti jioni, ukiwa umevaa sosete zilezile za safari. Simama, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse: kidole kimoja cha mkono kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Halafu funga kamba, simama kwenye mteremko au kwenye ngazi ukitazama chini. Vidole vikigonga mbele, utapoteza kucha siku ya kushuka. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, utapata malengelenge kabla ya saa nne. Buti ikibana ubavuni usiseme itapanuka. Ngozi hulainika, lakini haiongezi urefu, na upana inaongeza kidogo tu.

Namba za Ulaya mnaweza kuzipata kwa uzi. Simama juu ya karatasi, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Ongeza sentimita moja na nusu, zidisha kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 24 ni karibu namba 38. Wa 25 ni 40. Wa 26 ni 41. Wa 27 ni 43. Pima miguu yote miwili, maana hailingani, na fuata ule mkubwa.

Katika misaada mingi tumeona buti zikiletwa kuanzia namba 42 kwenda juu, kama vile wanawake hawatembei. Kwetu ni mama anayebeba mzigo mzito zaidi, na mara nyingi mtoto juu yake. Buti kubwa iliyojazwa matambara si buti, inageuza kifundo. Na nyumbani, kama fedha inatosha jozi moja tu, isiende moja kwa moja kwa baba kwa sababu ni baba. Iende kwa yule anayetembea njia mbaya akiwa na mzigo. Tunajua neno hili halipendwi na wote.

Watoto wasinunuliwe buti za ngozi. Mguu wao unakua kabla ngozi haijalainika. Bote ndogo na sosete, au kiatu cha plastiki kinachofunika vidole, inatosha.

Na uzito? Jozi ya buti za ngozi hufika kilo moja na robo hadi karibu mbili. Wasafiri wa milimani wanayo hesabu ya zamani: kilo moja mguuni huchosha kama kilo tano mgongoni. Kwa mtu aliyekonda kwa njaa, hiyo si hesabu ndogo. Kati ya jozi mbili zinazofaa, chukua nyepesi.

Buti isikufanye askari

Sasa lile tuliloahidi.

Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 kwenye Mikataba ya Geneva inasema kwamba mtu akitiliwa shaka kama ni raia ama sivyo, ahesabiwe kuwa raia. Ni maneno mazuri, na sisi huyafundisha. Lakini kijana aliye kwenye barieri saa kumi na mbili jioni, mwenye bunduki na woga, hana kitabu hicho mkononi. Anatazama anayekuja kutoka mbali, na kwa mbali huonekana mambo matatu: namna ya kutembea, rangi ya nguo, na viatu.

Kwa hiyo msinunue buti nyeusi ndefu zinazofika katikati ya muundi, zile za kijeshi, hata zikiuzwa rahisi sokoni, na hasa zikiuzwa rahisi. Ni imara, tunajua. Zina ngozi nzuri, tunajua. Ziacheni. Vilevile za rangi ya mchanga kama za majeshi ya jangwani, na cho chote chenye madoadoa ya kijeshi. Chagua rangi ya kahawia, ama ya kijivu, yenye kimo kinachopita kifundo kidogo tu. Kamba zenye rangi nyingine, nyekundu au buluu, hubadili sura ya kiatu kwa mbali, na bei yake ni ndogo.

Bote za mpira nazo zina historia yao. Wapiganaji wengi wa Kivu huzivaa, na wakulima wote huzivaa. Mkulima mwenye jembe na bote ni mkulima. Vijana wanane wasio na jembe, wenye bote mpya zinazofanana, wakitembea mstari mmoja alfajiri, kwa macho ya mtu aliye juu ya kilima ni kikosi. Jambo hili tunalisema hasa kwa mashirika na wafadhili: mkiipa komite nzima buti za aina moja na rangi moja, mnadhani mmewasaidia, kumbe mmewavika sare. Nunueni tofauti tofauti. Na komite inapotembea, watu wachanganyike, wanawake wawemo, wazee watangulie, na habari ya safari ifike mbele kabla ya wao kufika.

Kuna mahali ambapo wanaume huambiwa wavue viatu na kuonyesha miundi na mabega, kutafuta alama za bote na za mkanda wa silaha. Ukiambiwa hivyo, vua polepole, usiiname ghafla, sema kwanza kwamba unainama kufungua kamba. Buti ya kamba ndefu huchukua muda kufunguka. Mwenye haraka akiona unachelewa anaweza kudhani unaficha kitu. Hii nayo ni sababu ya kutopenda buti ndefu.

Na mwisho juu ya barieri: kiatu kinachong'aa huvuliwa na wengine. Msiipake buti rangi ya kung'arisha kabla ya safari. Nta inatosha, na vumbi la siku ya kwanza liacheni palepale.

Sosete, na miguu yenyewe

Nusu ya buti ni sosete. Za pamba hunywa maji na kuyashika. Ndizo za kawaida sokoni na ndizo mbaya zaidi kwa safari. Za sufu hupasha joto hata zikilowa. Za nailoni hukauka upesi. Ukikosa sufu, vaa nailoni nyembamba ndani na nene nje, ili zisuguane zenyewe kwa zenyewe na ngozi yako ipone. Beba jozi tatu: moja mguuni, moja inakauka juu ya mzigo, na ya tatu kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Hiyo ya tatu ni ya usiku. Usiivae mchana hata ukijaribiwa.

Buti mpya haiendi safarini. Ivae kwenda mtoni, kanisani au msikitini, sokoni, siku kumi na nne, kisha safari. Ukisikia joto mahali pamoja mguuni, simama hapo hapo, usingoje kivuli. Kausha, bandika sparadra bila mikunjo, endelea. Lengelenge lililokwisha kujaa, kama halikuzuii kutembea, usilitoboe. Likikuzuia, tumia sindano iliyopita motoni, toboa pembeni, acha ngozi ya juu, funika. Mwenye ugonjwa wa sukari, au miguu iliyokufa ganzi, asijitibu, amwone muuguzi.

Mguu ukikaa ndani ya maji baridi siku nzima, pasipo hata barafu, unaweza kuharibika. Askari wa vita vya 1914 hadi 1918 waliupata ugonjwa huo kwa maelfu ndani ya mahandaki. Mguu hugeuka mweupe na kukosa hisia, halafu huwa mwekundu, huvimba na kuuma. Ukiuona, vua, kausha taratibu, funika kwa nguo kavu, inua miguu. Usisugue, na usiiweke karibu na moto, kwa kuwa mguu usiosikia hauwezi kukuambia kwamba unaungua. Kila usiku wa safari, hata ukilala katika jiko la mtu, miguu ikae kavu na wazi saa sita au zaidi. Hakuna buti inayofanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Kuzitunza

Kosa tunaloliona kila mahali ni kukausha buti kando ya moto. Ngozi iliyolowa ikipata moto mkali hujikunja, hukauka kama ubao na kupasuka, na gundi huachia. Jaza karatasi za gazeti ndani, au majani makavu, badilisha baada ya saa mbili, iweke penye upepo. Jua la asubuhi si baya; la saa nane ni baya.

Tope liondolewe kila jioni kwa maji na brashi. Kila wiki mbili, buti ikiwa safi na karibu kukauka, ipake nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na shahamu ya ng'ombe, nusu kwa nusu. Mchanganyiko uwe vuguvugu, si wa moto. Sugua kwa kitambaa, na zaidi kwenye mishono na pale ngozi inapokutana na soli. Watu hutuuliza juu ya mawese. Mafuta ya kupikia hulainisha ngozi kupita kiasi, huoza na kunuka, na panya huja usiku kuila buti. Nta ni bora. Wafugaji wa nyuki wapo milimani, na shahamu iko kwa wafugaji wa ng'ombe.

Mtumba ukishanunuliwa, toa kitambaa cha ndani, futa kwa sabuni, weka juani siku mbili, tia kitambaa kipya. Kuvu wa miguu ya mwenye buti wa kwanza wasiwe wako.

Kwa wanaogawa

Viongozi wa kambi, machifu na mashirika, kwenu tuna neno la vitendo. Kabla ya kuagiza, pimeni miguu kwa uzi na kuandika: jina, urefu, mwanamume au mwanamke. Msikadirie. Buti zisizoenea huuzwa sokoni wiki ileile, halafu watu husema wakimbizi ni waongo.

Orodha isomwe mbele ya wote, wageni na wenyeji. Kama komite ya amani ina pande mbili, buti zifike kwa pande zote mbili siku moja, la sivyo ngojeni mpaka zitoshe. Upande mmoja ukipanda mlima na viatu vipya na mwingine pekupeku, mkutano umekwisha kuharibika kabla ya mtu kufungua kinywa. Familia inayopokea wageni, ambayo imegawa nyumba na chumvi yake, isiachwe nje ya orodha kwa sababu karatasi ya mfadhili imeandikwa "waliohama" peke yake. Mwandikieni mfadhili mapema, wengi hukubali wakielezwa.

Tengeni sehemu ya fedha kwa fundi viatu wa mahali: uzi, sindano, nta, vipande vya tairi. Buti kumi zenye fundi hutembea mbali kuliko ishirini zisizo na fundi. Mkiweza, fundi awe mmoja kutoka kwa wageni na mmoja kutoka kwa wenyeji, wakae kwenye kibanda kimoja. Na jozi mbili au tatu za namba za katikati, 39 hadi 42, zibaki kwa mtunza vifaa wa komite, ziandikwe kwenye daftari, kwa ajili ya mjumbe atakayeitwa usiku na kulazimika kuondoka kabla jogoo hajawika.